Kopo la betri chini ya kitanda

Betri ya tochi ikiisha nguvu, nyumba nyingi za Chunya haziitupi siku hiyo. Huwekwa dirishani, au juu ya kabati, au huanikwa juani juu ya bati ikisubiri kupewa nafasi ya pili. Wapo wanaoigonga ukutani, na wapo wanaoing'ata kidogo kwa meno ya pembeni. Na kusema kweli, huamka. Tochi inawaka tena dakika kumi, pengine nusu saa, na aliyeianika anajiona mjanja.

Katika familia moja ya Chunya mjini, mjanja huyo ana miaka tisa. Anatengeneza magari ya waya, lakini siyo yale ya kusukuma kwa kijiti ambayo baba yake alitengeneza alipokuwa na umri huo. Ya kwake yanatembea yenyewe. Mota aliitoa kwenye deki ya DVD iliyokufa, balbu mbili za mbele alipewa na fundi redio, na betri nne zimefungwa pamoja kwa mpira uliokatwa kwenye kandambili. Babu yake akimwona anamwita Injinia, naye anaitika bila kucheka.

Shida ya Injinia ni betri. Mpya zinanunuliwa kwa fedha, na fedha ya nyumba hiyo ina kazi nyingi kuliko kuendesha gari la waya. Kwa hiyo alikusanya zilizokwisha. Alichukua za tochi ya kichwani ya baba, ya saa ya ukutani, za rimoti, za majirani, na nyingine aliziokota jalalani. Wengine huyaita magunzi. Alizijaza kwenye kopo la maziwa ya unga na kulisukuma chini ya kitanda, katika chumba anacholala pamoja na mdogo wake wa kike mwenye mwaka mmoja na miezi minane.

Mama yao aliligundua kopo hilo siku ya usafi. Alilivuta, tako lake likabaki sakafuni. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, maji ya kahawia yamechuruzika hadi ukutani, na juu ya betri kadhaa palikuwa na kitu cheupe kama chumvi iliyoganda. Alipomwita mwanawe na kumshika mikono, aliona ngozi ya vidole vya kulia imekauka na kupasuka. Kwa wiki nzima mtoto alikuwa amesema ni baridi. Chunya siyo Mbeya mjini, baridi ya kupasua vidole haiko huku mwezi huo, lakini nani anachunguza vidole vya mtoto wa kiume anayeshinda vumbini?

Alitaka kutupa kila kitu, na gari lenyewe. Akampigia mumewe simu. Baba anafanya kazi ya kununua dhahabu kidogokidogo kwa wachimbaji wadogo, na siku hiyo alikuwa upande wa Makongolosi. Jibu lake lilikuwa fupi: "Zitupe chooni, Mama Injinia. Hata harufu inapungua." Jirani aliyekuwa akisikiliza akaongeza kwamba choo kikitiwa betri hakijai haraka.

Imani hiyo imeenea, lakini haina msingi. Betri haili kinyesi. Inachofanya ni kuoza polepole ndani ya shimo, ikiacha zinki, manganizi na metali nyingine kwenye udongo ambao baadhi ya familia zimechimba kisima mita chache kutoka hapo. Kuzichoma pamoja na takataka ni kubaya zaidi, kwa sababu betri iliyozibwa ikipata moto hupasuka, na anayechokonoa moto wa taka uani mara nyingi ni mtoto.

Lakini kwanza, ni kitu gani kilichomwagika chini ya kitanda?

Betri nyingi za bei nafuu dukani zina kopo la ndani la zinki. Kopo hilo siyo kifungashio tu. Ndilo linaloliwa ili umeme utoke. Kadiri tochi inavyowaka, ndivyo ukuta wa zinki unavyozidi kuwa mwembamba, na ndani yake kuna uji wa chumvi wenye asidi kiasi, unga mweusi wa manganizi, na kijiti cha kaboni katikati. Betri iliyokwisha, kwa hiyo, ni ndoo iliyochakaa ambayo bado ina maji. Ukiianika juani, joto linaichangamsha kemikali iliyobaki na umeme kidogo unapatikana. Joto hilohilo linasukuma uji utoke kwenye ukuta uliokwisha kutoboka. Ukiing'ata, unautoboa mwenyewe, na uji unaingia mdomoni.

Aina ya pili ni alkalini. Hizi ni ghali kidogo na hudumu zaidi, ndiyo maana watu hudhani hazivuji. Zinavuja, na majimaji yake ni makali zaidi kuliko ya betri za kawaida. Ni potasiamu haidroksaidi, ndugu wa karibu wa kostiki soda inayotengenezea sabuni. Ikikutana na hewa hukauka na kuwa ule ungaunga mweupe ambao watoto hupenda kuukwangua kwa kucha. Ukiwa mkavu hauonekani kama kitu cha kuogopa. Ukigusa jasho la mkono au machozi ya jicho, unaunguza.

Kuzitofautisha siyo kazi ya kitaalamu. Kwenye ganda la betri pameandikwa namba kwa herufi ndogo sana. Betri kubwa ya tochi ikiandikwa R20 ni ya kawaida, ikiandikwa LR20 ni alkalini. Ile ya saa ya ukutani ni R6 au LR6, na ile nyembamba ya rimoti ni R03 au LR03. Herufi L mbele ndiyo alama ya alkalini. Maandishi makubwa ya "Heavy Duty" yasimdanganye mnunuzi. Betri hizo ni za zinki zilezile, zilizoboreshwa kidogo, wala hayana maana ya alkalini.

Vidole vya Injinia vilioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni, vikapakwa mafuta, na ndani ya siku chache ngozi ikaanza kurudi. Hapo jirani alikuwa na ushauri mwingine, wa limao. Limao lina kazi yake, lakini ni kwenye chuma, siyo kwenye ngozi wala kwenye jicho. Mwilini ni maji safi tu, mengi. Jicho likiingiwa na unga wa betri linaoshwa kwa maji kwa dakika 15 au zaidi bila kusugua, kisha mtoto anapelekwa hospitali hata kama anasema haliumi tena.

Mjadala wa zebaki nao haukukosa. Mahali ambapo zebaki imekamatia dhahabu kwa miaka mingi, kila kimiminika cha ajabu kinashukiwa kuwa ni hiyo. Baba aliporudi jioni na kuona doa ukutani, swali lake la kwanza lilikuwa hilo. Hofu yake haikutoka hewani. Zamani betri nyingi ziliwekewa zebaki kidogo ili zisizalishe gesi, na viwanda vikubwa viliiondoa kwenye betri za kawaida miaka ya 1990. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unabana pia betri zenye zebaki. Doa la ukutani lilikuwa chumvi ya betri, siyo zebaki. Lilifutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikatupwa.

Na babu? Babu naye alikuwa na kesi. Redio yake ilikuwa kimya tangu mwezi uliopita.

"Shikamoo babu," mjukuu alimsalimia alipopeleka redio barazani.

"Marahaba. Umeniletea redio yangu au maiti yake?"

Ilikuwa maiti kwa kweli. Betri tatu zilikuwa ndani, moja mpya na mbili za zamani, mpango ambao babu mwenyewe aliufanya ili kubana matumizi. Kuchanganya namna hiyo ndiyo njia ya haraka ya kupata uvujaji. Betri yenye nguvu inailazimisha ile dhaifu ipitishe umeme hata baada ya kuisha yenyewe, gesi inajaa ndani, na mahali palipozibwa panaachia. Redio ikiwekwa kabatini bila kutumika huku betri ziko ndani, matokeo ni hayohayo, ila yanachelewa. Rimoti na saa za ukutani ndivyo zinavyokufa. Zinatumia umeme kidogo kiasi kwamba mtu husahau kabisa kuwa zina betri.

Fundi redio ndiye aliyeifufua, na mama alikaa kwenye benchi lake kuangalia, jambo ambalo mafundi wengi hawalipendi. Alivaa mfuko wa mkate mikononi kwa sababu glovu hakuwa nazo. Hakupuliza. Watu wengi wakifungua kifuniko na kuona unga hupuliza kwa mdomo, na unga unaingia machoni. Alizitoa betri kwa kitambaa, akaiinamisha redio, akausugua unga kwa mswaki mkuukuu mkavu ili udondokee kwenye gazeti. Palipokuwa na weupe wa alkalini aligusisha pamba yenye tone la limao, ikatoa mapovu madogo, akafuta kwa pamba yenye maji kidogo, halafu kwa spiriti. Siki ingefanya kazi ileile. Palipokuwa na ukoko wa kahawia wa betri ya kawaida hakuhitaji limao, alitumia kitambaa chenye unyevu na kipande cha msasa mpaka chuma kikang'aa. Springi moja ilikuwa imekatika kwa kutu. Alilehemu nyingine aliyoitoa kwenye tochi mbovu.

"Usiiwashe leo," alisema. "Ikauke hadi kesho, Mama Injinia. Wengi huja wakisema fundi ameiua, kumbe waliiwasha ikiwa na maji."

Injinia aliuliza kama anaweza kupewa betri ya simu iliyovimba iliyokuwa kwenye trei. Fundi alikataa, na alikataa kwa ukali uliomshangaza mtoto. Betri ya lithiamu iliyovimba ikitobolewa au kukunjwa huweza kuwaka moto ghafla, na moto wake hauzimwi kirahisi. Haipaswi kuchezewa, wala kuchajiwa, wala kulaliwa chini ya mto, kitu ambacho watu wazima wengi hufanya kila usiku.

Hadi hapo, hasara ya nyumba hiyo ilikuwa kopo moja, springi moja na vidole vilivyopasuka. Kilichokuja baada ya wiki mbili kilikuwa cha aina nyingine.

Wanunuzi wa dhahabu wa Chunya hutembea na mizani ndogo za kidijitali zinazoingia mfukoni, zinazopima hadi sehemu ya gramu. Baadhi zinatumia betri bapa kama sarafu, zile ambazo wengi huziita betri za saa. Jumamosi moja mchana baba alikaa mkekani kubadilisha ya mizani yake, kwa sababu namba zilianza kuchezacheza. Akaitoa ya zamani, akaiweka kando ya goti. Simu ikaita, akatoka nje kuongea na mteja. Aliporudi, betri haikuwepo. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane alikuwa mkekani, anatafuna kitu.

Kilikuwa kipande cha chapati. Lakini nani angeapa kwamba ni chapati peke yake?

Mama alikuwa amesikia habari hii kliniki, siku ya kupima uzito wa watoto. Muuguzi aliwaeleza kwamba betri bapa haifanani na shanga wala sarafu. Hizo mara nyingi hupita tumboni na kutoka zenyewe. Betri bapa yenye upana wa milimita 20, kama ile inayoandikwa CR2032, hukwama kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Namba yenyewe inasema, 20 ni upana wa milimita, 32 ni unene wa milimita 3.2. Ikikwama hapo haihitaji hata kuvuja. Mate yanaunganisha pande zake mbili, umeme unapita kwenye nyama, na upande mmoja wa betri inatengenezwa kemikali kali kama kostiki. Jeraha kubwa linaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyoshindwa kuendesha mizani bado ina umeme wa kutosha kufanya hivyo. Na jeraha huendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, hadi kufikia mshipa mkubwa wa damu, ndiyo sababu baadhi ya watoto duniani wamekufa siku kadhaa baada ya kuonekana wamepona.

Dalili zinaweza kuwa udenda mwingi, kukataa chakula, kikohozi, kutapika au kulia akishikwa kifua. Zinaweza pia zisiwepo kabisa. Mtoto huyu alikuwa anacheka.

Baba alitaka kwanza watafute. Waligeuza mkeka, wakafagia, wakaangalia nyuma ya mlango. Mama aliwapa dakika tano kwa saa ya ukutani, kisha akambeba mtoto na kusema anakwenda na bajaji, mwenye kutafuta aendelee. Hakumpa maji, hakumpa maziwa, hakumtia kidole kooni ili atapike. Alibeba chupa ya asali. Misitu ya Chunya ina asali nyingi na karibu kila nyumba haikosi, na kwa mara moja jambo hilo lilikuwa na faida ya haraka. Asali huifunika betri na kupunguza makali ya kemikali. Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, ambaye anaweza kumeza na hazijapita saa 12 tangu ameze betri, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri vijiko viwili vya chai, kila baada ya dakika kumi, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Mkiwa njiani, siyo mkiwa nyumbani mnasubiri kuona. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kamwe.

Hospitalini alisema neno moja kabla ya salamu: betri. Aliisema hivyo kwa makusudi, na alikuwa ameshika ile mpya ili waione ukubwa wake. Kwenye picha ya eksirei betri bapa hufanana na sarafu, tofauti ikiwa ni duara la pili jembamba ndani ya la kwanza, na daktari anayeambiwa "amemeza kitu" anaanza mbali kuliko anayeambiwa "betri". Picha ikapigwa. Koo lilikuwa safi, tumbo safi. Waliangalia pia pua na masikio, kwa kuwa betri hizi hupenda kuingizwa huko na huko nako zinaunguza.

Injinia alirudi nyumbani jioni, ametoka kucheza. Kwenye mfuko wa kaptura alikuwa na betri bapa. Alikuwa ameipitia mkekani wakati baba yuko kwenye simu, alitaka kuijaribu kama taa ya nyuma.

Baba alinyanyuka. Babu akawahi kuuliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyeacha betri kwenye mkeka. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyepigwa. Kama safari ya hospitali ilikuwa bure, baba na mama hawajakubaliana mpaka leo. Baba anahesabu nauli na gharama ya picha. Mama anasema angekwenda tena kesho kwa shaka ileile, na katika hilo madaktari wako upande wake. Betri bapa isiyoonekana, mtoto mdogo akiwa alikuwepo, inachukuliwa kuwa imemezwa mpaka picha iseme vingine.

Kuna betri kubwa pia, zile za sola na za gari, ambazo katika nyumba hii hazipo lakini kwa jirani zipo. Ndani yake kuna asidi ya salfa na risasi. Kuzivunja uani ili kuuza risasi kama chuma chakavu ni hatari, na sumu ya risasi ya betri inawatesa watu wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, hadi leo. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifanya kazi pembeni ya nyumba za watu, watoto wakapata sumu. Phyllis Omido, mama aliyekuwa mfanyakazi wa hapo na ambaye mtoto wake mchanga alikutwa na risasi mwilini, alipigana hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na ulioharibika haurudi.

Gari la waya halikutupwa. Mama alifikiria sana hilo, na hatimaye aliamua kwamba mtoto anayejua mota inavyozunguka asinyimwe mota. Linatumia sasa kitako cha betri kutoka kwenye tochi mbovu, betri mbili za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Kila jioni Injinia anazitoa na kumkabidhi mama, kama askari anayerudisha bunduki ghalani, kisha ananawa. Zilizokwisha zinawekwa kwenye chupa ya plastiki yenye mfuniko, mahali pakavu juu ya kabati, na zile bapa zinazungushiwa selotepu pande zote mbili kwanza, zisigusane. Chupa haijajaa bado. Itakapojaa, fundi amesema atazipeleka Mbeya pamoja na vifaa vyake vibovu kwa anayenunua taka za kielektroniki, na mama amemwambia anataka kuona zikiondoka.

Mizani ya baba nayo imefungwa kwa selotepu nyeusi juu ya kifuniko cha betri, mizunguko mitatu. Kila inapobidi kubadilisha, wachimbaji wanasubiri na punje zao za dhahabu mkononi huku yeye akitafuta ncha ya selotepu kwa ukucha.